Pampu inarudisha tope, klarifaya bado inamwaga: kisa cha mtambo mdogo wa kyubiki 60

Hiki kisa cha mtambo wa kusafisha majitaka naanza na kosa langu mwenyewe, maana ndo lilinichelewesha siku nzima. Opereta alinipigia asubuhi, hata salamu ikawa nusu, akasema "kijana wangu, tope linapita juu ya ukingo, maji ya kutoka yamekuwa kahawia." Mi nikiwa njiani, sijaona kitu, nikamjibu haraka haraka kama mtu anayejua: "mzee, fungua vali ya rudi yote, vuta tope kwa nguvu lirudi kwenye eresheni." (Eresheni ni tanki la kupulizia hewa.) Akafungua. Kesho yake asubuhi akapiga tena, sauti imepoa kabisa: "Nimefungua kama ulivyosema. Leo limewahi kumwagika kuliko jana."

Basi nikaenda.

Mtambo wenyewe ni mdogo, wa makazi, ile aina ya kupuliza hewa muda mrefu. Unapokea kama mita za ujazo (kyubiki) 60 kwa siku. Tanki la eresheni kyubiki 60, yaani maji yanakaa humo kama siku moja, alafu yanaingia klarifaya moja, yaani tanki la kutulizia tope, yenye eneo la mita mraba 6 na kina cha mita 3, chini imekaa kama faneli. Pampu ya kurudisha tope inavuta kutoka chini ya hiyo faneli. Pembeni kuna tanki la kuhifadhia tope la ziada, kyubiki 12, nalo linapulizwa hewa, na boza linakuja kunyonya. Blowa, mashine za kupuliza hewa, ziko mbili. Hakuna maabara zaidi ya meza, jagi la lita 2 la kuangalizia tope linavyotulia, oveni ndogo, mizani, karatasi za chujio na kifaa cha kupimia oksijeni. Kwa mtambo wa saizi hii hizo zana zinatosha kabisa, watu wengi wanazo kabatini hawazigusi.

Nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi makusudi, kabla watu hawajaanza kuoga. Hii ni muhimu sana na nitairudia: ukienda kuangalia klarifaya saa sita mchana utaambiwa uongo. Wakati huo maji yalikuwa safi tu, ya kawaida, hakuna wa kuamini kuna tatizo. Tukazamisha lile bomba refu la plastiki linaloonyesha ndani, lenye vali chini, taratibu mpaka sakafuni, tukalitoa. Tope lilikuwa limesimama mita 1.7. Kwenye klarifaya ya mita 3! Mtambo kama huu asubuhi mapema nategemea nusu mita hivi, ikifika mita moja naanza kukuna kichwa. Kwa hiyo hata kabla ya siku kuanza zaidi ya nusu ya klarifaya ilishakuwa tope, juu imebaki mita 1.3 tu ya nafasi.

Saa moja kamili maji yakaanza kuja. Kati ya saa moja na saa tatu huu mtambo unapokea kama kyubiki 7.5 kwa saa, mara tatu ya wastani wa 2.5. Tukawa tunazamisha bomba kila dakika 15 na mzee anaandika. Blanketi, yaani tabaka la tope, likapanda, likapanda, saa mbili kasoro ukaanza kuona kama mawingu chini ya ukingo, saa mbili na dakika kumi tope likawa linapita lenyewe bila aibu. Sampuli niliyochota hapo ilikuja kutoa solidi (chembe za tope) miligramu 180 kwa lita. Saa nne likashuka, maji yakarudi kuwa safi. Yaani mtambo ulikuwa unaugua saa mbili tu kila siku.

Sasa mi kichwani nilishaamua ni filamenti, wale bakteria wa nyuzinyuzi wanaofanya tope livimbe likatae kutulia. Dalili zote nilizotaka kuziona niliziona. Nikachukua jagi, nikachota kutoka eresheni lita 2, nikaweka saa. Baada ya dakika 30 tope lilikuwa limeshuka kidogo mno, mililita 920 kwa kila lita. Karibu jagi zima! Nikamwambia mzee "unaona, halitulii hili, limevimba." Nilikuwa hata nimeshaanza kuwaza klorini ya kuua filamenti kwenye laini ya rudi.

Mzee akaniuliza swali moja, na kwa kweli namheshimu kwa hilo. "Halitulii kwa sababu ni jepesi, au kwa sababu limebanana?"

Hilo ndo swali, na jagi moja haliwezi kulijibu. Mililita 920 inaweza kuwa tope bovu la kiasi cha kawaida, au tope zuri ambalo ni jingi kupita kiasi mpaka kila kipande kinamzuia mwenzake kushuka. Ukiangalia kwa macho yanafanana, ila tiba zake zinapishana kabisa. Kwenye la kwanza unamtafuta filamenti na sababu yake, kwenye la pili unatoa tope, basi. Na ukimwaga klorini kwenye tope lenye afya, unaua wafanyakazi wako bure, yaani bakteria wanaosafisha maji.

Njia ya kuwatofautisha ni rahisi mpaka inakera. Unachukua jagi la pili, nusu tope la eresheni, nusu maji safi ya kutoka ya mtambo huohuo (tulikuwa tumeyachota ile saa kumi na mbili na nusu yakiwa bado masafi, usitumie ya bomba yenye klorini), unakoroga polepole, unasubiri dakika 30 zilezile. Kama ni filamenti, hata ukizimua nusu tope litabaki limening'inia juu, nyuzi zinashikana tu. Kama tatizo ni wingi, ukilipa nafasi linadondoka. Letu likadondoka mpaka 310. Nusu ya 920 ni 460, sisi tumepata chini ya hapo, na maji ya juu yalikuwa meupe yanaonyesha upande wa pili wa jagi. Tope zima kabisa! Kahawia safi, harufu ya udongo, chembe kubwa zinashuka kwa heshima.

Jibu la MLSS, yaani solidi zote kwenye tanki la eresheni, likatoka jioni baada ya chujio kukaa oveni nyuzi 105 na kupimwa: miligramu 7,400 kwa lita. Daftari lilikuwa linaonyesha mtambo ulikuwa unaendeshwa kwenye 3,500. Ukichukua 920 ukazidisha na 1,000 ukagawa kwa 7,400 unapata indeksi ya tope (mililita ambazo gramu moja ya tope inachukua) ya 124, siyo nzuri sana ila siyo ya kuvimba, wengi tunaanza kusema limevimba likivuka 150. Na ukitumia ile iliyozimuliwa, 310 mara mbili ni 620, gawa kwa 7.4, unapata kama 84. Hiyo ni indeksi ya tope ambalo mtu mwingine angelitamani. Klorini ikarudi kabatini bila kufunguliwa.

Sasa turudi kwenye ushauri wangu wa simu, kwa nini kufungua rudi kuliharibu zaidi. Mi nafikiri hapa ndo wengi wanaanguka kwa sababu kichwani inaonekana sawa tu: tope limejaa klarifaya, livute, litapungua. Lakini pampu ya rudi haitoi tope kwenye mtambo. Inalihamisha tu toka tanki moja kwenda jingine, na kila lita unayorudisha eresheni inasukuma lita nyingine kutoka eresheni kuingia klarifaya, ikiwa imebeba solidi zake. Twende kwa namba. Saa ya maji mengi zinaingia kyubiki 7.5 kwa saa, rudi ya zamani ilikuwa 2.5, jumla 10 zinavuka kuingia klarifaya, kila kyubiki ina kilo 7.4 za solidi, hiyo ni kilo 74 kwa saa. Pampu inavuta kyubiki 2.5 za tope zito la kama kilo 11, inatoa kilo 27. Kwa hiyo kila saa kilo 47 zinabaki klarifaya. Nilipomwambia afungue yote, rudi ikawa 5. Sasa zinavuka 12.5, sawa na kilo 92 kwa saa, na pampu inavuta zaidi lakini tope likawa jepesi, tulilipima likawa kilo 9 tu kwa kyubiki, inatoa kilo 45. Baki? Kilo 47 tena! Tulichoongeza ni mtikisiko, maji mengi zaidi yanazunguka ndani ya klarifaya ndogo, blanketi linavurugwa, ndo maana siku hiyo liliwahi kumwagika.

Kilo 47 kwa saa, kwa saa mbili, ni karibu kilo 94. Kwa tope la kilo 9 kwa kyubiki hiyo ni kama kyubiki 10, na juu ya eneo la mita mraba 6 ni zaidi ya mita moja na nusu ya kupanda. Ni hesabu ya haraka, maana eresheni nayo inapungua solidi kadiri zinavyohamia, kwa hiyo ukweli uko chini kidogo ya hapo, lakini kumbuka nafasi iliyobaki asubuhi ilikuwa mita 1.3. Huhitaji ufafanuzi mwingine.

Njia nyingine ya kuliona jambo hilohilo ni mzigo wa solidi kwa eneo la klarifaya. Kilo 74 kwa saa gawa kwa mita mraba 6 ni zaidi ya 12 kwa kila mita mraba kwa saa, na kwa rudi iliyofunguliwa yote ni zaidi ya 15. Klarifaya za aina hii kwenye kilele cha maji hazipaswi kuvuka 7 hivi. Sasa fanya hesabu ileile na 3,500: kyubiki 10 mara 3.5 gawa kwa 6, unapata 5.8. Inapita. Klarifaya ileile, watu walewale, pampu ileile. Kwa hiyo mtu akikwambia klarifaya ni ndogo tujenge nyingine (na meneja alishaanza kuombwa hivyo na fundi mwingine), muulize kwanza ana kilo ngapi kwenye eresheni.

Swali lililobaki ni MLSS imefikaje 7,400 wakati mzee ni mtu makini. Nikaomba daftari. Mzee akaleta, akasimama pembeni kimya, akijua ninachoenda kukuta. Kwenye safu ya tope lililotolewa, kila siku kuna namba, kyubiki 0.8, 0.8, 0.9, alafu ghafla mwandiko unabadilika: "tanki limejaa." Kesho yake "tanki limejaa." Nikahesabu siku 40 mfululizo. Hakuna aliyesoma hilo daftari zaidi yake. Alikuwa ameshasema mara mbili kwa meneja boza lije, akajibiwa boza ni kila miezi mitatu, mkataba ndo unavyosema, subiri.

Tukakaa chini tukafanya hesabu ya kilo, na hii naipenda kuliko zote kwa sababu tope halipotei, lazima liwe sehemu. Majitaka ya hapo yana BOD, kipimo cha uchafu unaoliwa na bakteria, kama miligramu 250 kwa lita, mara kyubiki 60, ni kilo 15 kwa siku. Kwa mtambo wa kupuliza muda mrefu nachukua nusu ya hiyo inageuka kuwa tope, kilo 7.5 kwa siku. Kwa siku 40 ni kilo 300. Ziko wapi? Eresheni ilikuwa na 3,500, yaani kilo 210, sasa ina 7,400, yaani kilo 444, kwa hiyo 234 ziko pale. Klarifaya imeongezeka kama 30 kwa jinsi blanketi lilivyonenepa. Zimebaki 36 hivi, na hizo ndo zilizopita ukingoni kuelekea mtoni asubuhi za siku za mwisho, ukichukua kilo 2.7 kila asubuhi ya kumwagika (kyubiki 15 za saa mbili mara gramu 180), kama asubuhi 13 tu na hesabu imefunga. Mzee akasema ndiyo, ni kama wiki mbili tangu aanze kuona. Namba za makadirio hazifungi vizuri hivyo mara nyingi, nilifurahi kidogo mpaka nikaona aibu, maana tunafurahia hesabu ya uchafu ulioenda mtoni.

Ukifikiria, mtambo ulikuwa unatoa tope la ziada kama kawaida. Wewe usipolitoa kwa vali linajitoa lenyewe kwa ukingo.

Kuna kitu nakikumbukaga kila nikikutana na kisa kama hiki. Huu mfumo mzima ulianza 1914 Manchester, Ardern na Lockett walikuwa wanapuliza hewa kwenye majitaka ndani ya chupa, na walichofanya tofauti na wenzao ni kutomwaga lile tope linalobaki chini, waliliacha likutane na majitaka mapya, na kazi iliyokuwa inachukua wiki kadhaa ikashuka mpaka chini ya siku moja. Kwa hiyo moyo wa mfumo ni kubakiza tope. Labda ndo maana waendeshaji wengi wana huruma nalo, wanaona kulitoa ni kama kutupa mtaji. Ila huku kwetu shida haikuwa huruma, ilikuwa hakuna pa kulitupia.

Kuhusu jagi, kuna jambo lilitokea kwa bahati. Lile la kwanza nililisahau mezani tukiwa tunabishana na daftari. Baada ya saa moja na kitu mzee akaniita, tope lote lilikuwa limeinuka kutoka chini limeelea juu kama kifuniko, na pembeni vipovu vidogo. Hiyo ni denitrifikesheni: tope zee limeshageuza amonia kuwa naitreti, likikaa bila oksijeni bakteria wanavuta oksijeni kutoka kwenye naitreti na kutoa gesi ya naitrojeni, vipovu vinabeba tope juu. Ndo ikaeleza yale mabonge meusi ya mchana ambayo mzee alikuwa anayapiga na mpira wa maji kila siku akidhani ni mafuta ya jikoni. Klarifaya ilikuwa na kyubiki kama 10 za tope, hata kwa pampu ya 5 kwa saa tope linakaa humo saa mbili, na kwa rudi ya zamani saa nne. Jagi lilichukua saa moja na robo kuelea. Kwa hiyo hata bila kumwagika asubuhi, mchana lingeelea tu. Sikulitibu hili peke yake, nilijua blanketi likishuka nalo litaondoka, na ndivyo ilivyokuwa.

Tulichofanya. Siku hiyohiyo rudi tukaipunguza, tukaiacha kama 3 kwa saa. Alafu kwa asubuhi zilizofuata tukatumia ujanja wa dharura, kuzima blowa ya eresheni kama dakika 45 maji mengi yanapoanza, tope linatulia humohumo kwenye eresheni badala ya kukimbilia klarifaya, kinachovuka ni maji mepesi. Inafanya kazi mara moja, ile asubuhi ya kwanza tu hakuna kilichomwagika. Lakini ni panadol, siyo dawa. Ukizoea kuzima saa mbili tatu kila siku unaanza kutengeneza harufu na filamenti wa kweli wanaopenda oksijeni ndogo, sasa umejiletea ugonjwa ambao hukuwa nao.

Nafasi tukaitafuta ndani ya tanki la kuhifadhia. Usiku tukazima hewa yake, tope likatulia, asubuhi juu pana maji kama kyubiki 3 ya kurudisha mwanzo wa mtambo. Hapo nikafanya kosa la pili. Nilikuwa na haraka ya kupata nafasi, tukayarudisha yote 3 kwa mkupuo saa moja na nusu asubuhi, katikati ya maji mengi. Hayo maji yamekaa na tope usiku mzima bila hewa, yana amonia na njaa ya oksijeni, na eresheni yenyewe ilikuwa inahema kwa miligramu 0.4 za oksijeni kwa lita hata blowa zote mbili zikiwa zinanguruma. Maji ya kutoka yakawa na ukungu siku mbili. Mzee hakusema kitu, aliniangalia tu. Kuanzia hapo maji ya juu tunayarudisha usiku, polepole, kyubiki moja kwa masaa kadhaa. (Na tafadhali, tanki lililozimwa hewa usichungulie kichwa ndani wala usishuke kufuata ndoo iliyodondoka, gesi ya humo inaua haraka kuliko unavyoweza kupiga kelele.)

Boza lilikuja siku ya nne, baada ya meneja kuona namba ya 180 na kuelewa nani atajibu. Likanyonya tanki zima, na ndo tukaanza kutoa tope kwa mpango. Lengo kurudi 3,500, yaani kilo 234 zitoke, lakini siyo kwa siku moja. Najua kishawishi, boza lipo, si tuingize bomba kwenye eresheni tunyonye nusu tumalize? Hapana. Ukiondoa nusu ya bakteria kwa siku moja mzigo wa chakula kwa kila aliyebaki unaongezeka mara mbili ghafla, unapata povu jeupe, maji yenye ukungu, amonia inapita. Tukaweka kilo 20 kwa siku. Kwa tope la rudi la kilo 9 hiyo ni kyubiki 2.2, tuligawa mara mbili, usiku na alasiri, kamwe siyo saa ya maji mengi. Katika hizo 20, kilo 7.5 ni za tope jipya la siku hiyo, kwa hiyo deni linapungua 12.5 kwa siku. 234 gawa kwa 12.5, siku 19. Kwa kasi hiyo tanki la kyubiki 12, hata ukitoa maji ya juu kila usiku, linajaa kwa siku 11 hivi, kwa hiyo boza lilihitajika mara mbili zaidi ndani ya hizo wiki tatu. Hapo meneja alinung'unika.

Ilichukua siku 23, siyo 19, wikiendi moja vali haikufunguliwa na siku nyingine boza lilichelewa. MLSS ikashuka 6,800, 6,100, 5,200, alafu ikawa kama imekwama kwenye 4,900 siku nne tukashangaa, kumbe ni tope lililokuwa limelala klarifaya linarudi eresheni kadiri blanketi linavyoshuka. Hii wengi inawakatisha tamaa wanadhani utoaji haufanyi kazi. Angalia vyote viwili kwa pamoja, MLSS na urefu wa blanketi, ukiangalia kimoja unadanganywa na kingine. Tulipofika 3,600 jagi lilikuwa linasoma 315, blanketi asubuhi sentimita 45, saa ya maji mengi linapanda mpaka kama 80 na kurudi. Maji ya kutoka solidi 12. Oksijeni ikapanda mpaka 2 kwa blowa moja, ya pili ikawa ya kupokezana, na hili ndo lilimfurahisha meneja kuliko maji safi, kwa sababu alikuwa ameshaanza kuulizwa bili ya umeme. Tope zee jingi linakula hewa hata kama halina chakula, linahema tu kuishi.

Mazungumzo ya boza ndo yalikuwa magumu kuliko mtambo. Meneja alisema mkataba ni miezi mitatu na miaka yote umekuwa hivyo. Nikamwonyesha kwamba hiyo miezi mitatu haijawahi kutosha tangu nyumba zote zijae watu. Kilo 7.5 kwa siku zinaingia kwenye tanki, humo kwa hewa na muda zinapungua kama theluthi hivi, zinabaki karibu 5, zikitulia vizuri tope linafika kilo 20 kwa kyubiki, kwa hiyo robo ya kyubiki kwa siku inajaa kabisa. Kyubiki 12 gawa kwa robo, siku 48 na kitu. Siku 90 toa 50, zinabaki 40. Nikamfungulia daftari la mzee, "tanki limejaa" mara arobaini. Alikaa kimya muda mrefu kidogo, alafu akauliza kwa nini hakuambiwa, na mi sikujibu hilo, halikuwa langu.

Mkataba ukabadilishwa, boza sasa linaitwa tanki likifika robo tatu, siyo kwa kalenda. Kwa kawaida inaangukia kama wiki ya tano. Umri wa tope, yaani siku linazokaa mtamboni kabla ya kutolewa, tumeuweka kama 28, kilo 210 gawa kwa 7.5, unatosha amonia kugeuzwa hata siku za baridi bila kulizeesha mpaka liwe vumbi. Kiasi cha kutoa ni kyubiki 0.8 kila siku, na sheria tuliyokubaliana ni kutokubadilisha zaidi ya asilimia 10 au 15 kwa mkupuo, alafu kungoja wiki kabla ya kugusa tena. Jagi kila siku, bomba la blanketi kila siku saa kumi na mbili na nusu na mara moja wiki saa mbili asubuhi, MLSS mara mbili kwa wiki. Jagi likivuka 500 anafanya la kuzimua kabla ya kunipigia.

Miezi miwili baadaye alinipigia kweli. Jagi limesoma 540. Nikamuuliza la kuzimua je? "Limekataa kushuka." Safari hii filamenti walikuwa wa kweli, ila hicho ni kisa kingine, na nilipofika daftari lilikuwa na safu mpya aliyoichora kwa rula mwenyewe: urefu wa tope kwenye tanki la kuhifadhia, sentimita kwa sentimita, na pembeni yake nafasi ya sahihi ya meneja, kila Ijumaa.